Nywila ya Intaneti Imepotea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Ruta Majumbani Lamu

Maswali haya ndiyo ninayoulizwa barazani Langoni, ndani ya boti ya Mokowe na kwa simu za usiku. Wengi hunipigia wakiwa wameshabonyeza kitufe ambacho hawakupaswa kukigusa, ndiyo maana natanguliza neno moja: kama hujajua nywila yako iko wapi, usiirudishe ruta katika hali ya kiwandani. Ruta hiyo, hata kama imekugomea, huenda ndiyo mahali pekee palipobaki nakala ya kile unachokitafuta.

## Mambo ya mwanzo

Watu husema "nywila ya intaneti". Ni ipi hasa?

Ni tatu, na kuzichanganya ndiko kunakompotezea mtu siku nzima.

Ya kwanza ni ya waifai, ile unayompa mgeni akiketi dakani akaomba paswadi. Huwa na herufi 8 hadi 63. Ya pili ni ya kuingilia ndani ya ruta yenyewe ili kubadilisha mipangilio. Ya tatu ni ile uliyopewa na kampuni pamoja na jina la mtumiaji, na ruta huituma kwa kampuni kila inapowashwa ili ifunguliwe njia.

Hiyo ya tatu huenda wewe mwenyewe hujawahi kuiona. Fundi aliiingiza siku ya kufunga, akanywa chai yake, akaondoka. Ndiyo inayosumbua kuliko zote, na sehemu kubwa ya majibu yaliyo hapa chini ni yake.

Nitajuaje kama laini yangu ina jina na nywila ya namna hiyo?

Mtindo huo unaitwa PPPoE. Ulichapishwa rasmi mwaka 1999, zama za intaneti ya waya wa simu, lakini kampuni nyingi za fiba na za minara ya redio wanautumia hadi leo. Ukifungua ukurasa wa ruta, sehemu iliyoandikwa "WAN" (upande wa ruta unaoelekea kwa kampuni) au "Internet", ukaona PPPoE, basi unayo. Ukiona "Dynamic IP" au "DHCP", huna, kwa sababu kampuni inakutambua kwa njia nyingine, mara nyingi namba ya kifaa.

Ruta ya kadi ya simu kwa kawaida haina. Yenyewe hutegemea laini ya simu na APN, yaani jina la njia ya intaneti ya kampuni ya simu. Starlink, intaneti ya setilaiti iliyoanza kuuzwa Kenya Julai 2023, nayo haina: sahani hujitambulisha yenyewe kwa akaunti iliyosajiliwa. Wenye hizi mbili wanahitaji tu majibu ya nywila ya waifai.

Si nipige simu tu kwa kampuni?

Piga, tena kabla ya yote. Shika namba ya akaunti, kitambulisho na simu iliyosajiliwa kwenye mkataba. Mhudumu akiridhika kwamba wewe ndiye mwenye laini, anaweza kukusomea jina lako na kukuwekea nywila mpya mkiwa bado mnazungumza.

Lakini najua kwa nini watu hawaishii hapo. Laini iko kwa jina la mpangaji aliyehama. Simu haipokelewi na mtu mwisho wa wiki. Au unaambiwa lazima fundi aje, na fundi yuko Malindi. Ana barabara ya Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha avuke. Kwa mtu wa Faza au Kizingitini ni zaidi ya hapo, maana boti hungoja maji yajae ndipo ipite mlango wa bahari wa Mkanda. Mtu mwenye mtoto wa kufanya mtihani mtandaoni kesho asubuhi hawezi kungoja hivyo.

Kuna kitundu nyuma ya ruta, nikikichoma na sindano itakuwa sawa?

Hapana. Kitundu hicho hufuta kila kitu: jina la waifai, nywila yake, na ile ya PPPoE. Taa zitawaka vizuri, waifai itaonekana kwa jina la kiwandani, na intaneti haitakuwepo, kwa sababu ruta haijui tena ijitambulishe vipi kwa kampuni.

Angalia pia ruta zenye kitufe kimoja kilichoandikwa "WPS/RESET". Ukikigusa kwa sekunde moja kinafanya kazi ya WPS, yaani kuunganisha kifaa bila kuandika nywila. Ukikishikilia kwa sekunde kadhaa kinafuta. Nimeona nyumba mbili ambako mtoto alikishikilia akingoja taa ibadilike.

Kuzima na kuwasha ni jambo jingine kabisa. Hilo halifuti chochote, kwa hiyo usiliogope.

## Nywila ya waifai

Nimeisahau, lakini kuna simu ambayo bado imeunganishwa.

Basi kazi imekwisha. Kwenye simu ya Android kuanzia toleo la 10, fungua mipangilio ya waifai, gusa jina la mtandao wako, kisha sehemu ya kushiriki. Itatokea picha ya miraba ya QR, na kwenye simu nyingi nywila huandikwa chini yake. iPhone yenye iOS 16 au zaidi huionyesha ukigusa alama ya "i" pembeni mwa jina la mtandao, kisha mstari wa nywila.

Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri, uandike:

`netsh wlan show profile name="JINA LA WAIFAI" key=clear`

Nywila iko kwenye mstari wa "Key Content". Hii hufanya kazi hata kama kompyuta haijaunganishwa sasa, mradi iliwahi kuunganishwa na haijasahaulishwa.

Hakuna kifaa hata kimoja kilichounganishwa.

Geuza ruta utazame karatasi iliyobandikwa chini. Kama nywila haikuwahi kubadilishwa, ndiyo hiyo. Chukua picha kwa simu uikuze, kwa sababu herufi ni ndogo na hewa yetu ya chumvi huzifuta upesi.

Kama ilibadilishwa, tafuta kompyuta na kebo ya mtandao, uchomeke kwenye tundu lolote la LAN, yaani yale ya vifaa vya nyumbani. Kebo haiulizi nywila ya waifai. Ukishaunganishwa, fuata majibu ya sehemu inayofuata.

## Kuingia ndani ya ruta

Anwani ya ruta yangu ni ipi?

Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Visanduku vingi vya fiba vya Huawei hutumia 192.168.100.1, na ruta za MikroTik hutumia 192.168.88.1. Usibahatishe sana: kwenye Windows andika `ipconfig` utazame mstari wa "Default Gateway", kwenye iPhone gusa ile alama ya "i" utazame "Router", kwenye Android iko ndani ya maelezo ya mtandao uliounganishwa.

Andika namba hiyo kwenye upau wa anwani wa kivinjari, si kwenye kisanduku cha kutafutia. Kama unatumia simu, zima data kwanza, maana simu ikiona waifai haina intaneti hutoka kupitia laini ya simu na ukurasa haufunguki. Ukurasa wa ruta uko ndani ya ruta yenyewe, hivyo hufunguka hata intaneti ikiwa imekatika.

Nayo inaniuliza jina na nywila. Nazitoa wapi?

Anza na karatasi ya chini ya ruta. Ruta za zamani nyingi zilikuja na `admin` kwa `admin`. Za miaka ya karibuni humtaka mwenyewe atunge nywila siku ya kwanza, kwa hiyo jaribu zile unazozitumia kwa kawaida, kisha muulize aliyeifunga. Watu wengi hutunga nywila hii ifanane na ya waifai. Ijaribu na hiyo.

Ukikosea mara nyingi, ruta zingine hukufungia kwa dakika kadhaa. Ngoja, usirudie haraka haraka. Ukishindwa kabisa, usikimbilie kile kitundu. Ipo njia isiyohitaji kuingia ndani ya ruta, na nimeieleza kwenye swali la kompyuta inayojifanya kampuni.

Nimeingia, lakini sehemu ya WAN sioni.

Umeingia kwa akaunti ndogo. Visanduku vingi vya fiba vinavyotolewa na kampuni huwa na akaunti mbili: ya mteja, inayobadilisha waifai tu, na ya fundi, inayoona yote. Kisanduku chenyewe mara nyingi ni mali ya kampuni, na akaunti ya pili ni yao. Hapo omba nywila ya PPPoE kwa kampuni.

## Kuitoa nywila ya PPPoE

Naona jina la mtumiaji, lakini nywila ni vitone tu.

Mara nyingi vitone ni pazia, na nywila iko nyuma yake. Tumia kompyuta, Chrome au Firefox. Bonyeza vitone kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague "Inspect" (kivinjari kikiwa kwa Kiswahili, "Kagua"). Patafunguka dirisha la maandishi na mstari mmoja utakuwa umepakwa rangi. Ndani yake tafuta `type="password"`. Bonyeza mara mbili neno `password`, liandike upya `text`, kisha Enter. Vitone vitageuka herufi.

Andika unachokiona kwenye karatasi, ukitenganisha vizuri sifuri na herufi O, moja na herufi l. Halafu toka bila kubonyeza "Save". Nasisitiza hili kwa sababu kivinjari huwa na tabia ya kujaza nywila kilizozihifadhi chenyewe. Ukihifadhi ukurasa huo unaweza kuiandikia ruta nywila isiyo yake. Kwa sababu hiyo hiyo, ukiona nywila iliyotokea ni sawa na ile uliyoingilia ndani ya ruta, itilie shaka: huenda ni kivinjari kilichoijaza.

Nimefanya hivyo, nikapata nyota vile vile.

Ruta yako haiitumi nywila kwenye ukurasa hata kidogo. Inatuma nyota za kujaza nafasi. Ruta mpya nyingi ziko hivi, na ni vizuri kwa usalama. Usipoteze muda hapo, nenda kwenye nakala ya akiba.

Nakala ya akiba itanisaidiaje?

Kwenye menyu ya mfumo tafuta "Backup". Ruta itakupa faili lenye mipangilio yake yote, na nywila ya PPPoE imo. Hata kama hutaweza kulisoma, lihifadhi: ukiharibu kitu baadaye, utaweza kulirudisha kwenye ruta ile ile na laini ikafufuka.

Kulisoma kunategemea aina ya ruta. Mengine ni maandishi ya kawaida; yafungue kwa Notepad utafute neno `ppp`. Mengine yamefungwa kwa msimbo. Kwa ruta nyingi za zamani ipo programu ya bure ya Windows iitwayo RouterPassView, ya NirSoft, inayoweza kuyafungua na kukuonyesha nywila zilizomo. Ipakue kwenye tovuti yao wenyewe. Programu ya kuzuia virusi huenda ikailalamikia, kwa vile kazi yake ni kufichua nywila. Ruta mpya zina msimbo mgumu zaidi na hapo haitafua dafu.

Nyumba yetu ya wageni Shela ina MikroTik.

Afueni kwako. Ingia kwa Winbox, programu ya kompyuta ya kusimamia ruta hizo, ufungue dirisha la amri, uandike:

`/interface pppoe-client export show-sensitive`

Kwenye RouterOS (mfumo wa ndani wa MikroTik) toleo la 7 neno la mwisho ni la lazima. Kwenye toleo la 6 liache, nywila huonekana bila hilo. Ndani ya Winbox kwenyewe pia unaweza kuondoa alama kwenye "Hide Passwords", iliyo katika menyu ya "Settings". Akaunti yako lazima iwe na ruhusa ya kuona siri.

Siwezi kuingia ndani ya ruta. Ile njia ya kompyuta inayojifanya kampuni ikoje?

Hii ndiyo njia ninayoipenda, kwa sababu haivunji chochote na haifuti chochote.

Ruta inapowashwa hupaza sauti kupitia tundu la WAN: "Kuna seva ya PPPoE hapo?" Haina habari ni nani aliye mwisho wa kebo. Yeyote atakayeitika, itamkabidhi jina na nywila. Namna ya kukabidhi ni mbili. PAP, ya mwaka 1992, hutuma nywila wazi kama ilivyo. CHAP, iliyopata sura yake ya sasa mwaka 1996, hutuma jibu lililosagwa kwa hesabu ambalo nywila haisomeki ndani yake. Anayechagua ni yule anayeitika. Ukiitika wewe, ukadai PAP, ruta iliyoachwa kwenye "Auto" itakutajia yote.

Unahitaji kompyuta yenye tundu la kebo na mfumo wa Linux, hata ile inayowashwa kutoka kwenye flashi bila kuigusa diski. Weka programu ya rp-pppoe, ambayo ndani yake mna `pppoe-server`. Kwenye faili la mipangilio yake andika mstari `require-pap`. Washa seva ikisikiliza kwenye tundu la kebo, kisha washa Wireshark, programu ya kuonyesha data inayopita, ikitazama tundu hilo hilo. Sasa chomoa kebo ya kampuni kwenye WAN ya ruta, chomeka kebo ya kompyuta mahali pake, uwashe ruta. Ndani ya dakika moja au mbili utaona mazungumzo: PADI, PADO, PADR, PADS (hatua nne za ruta na seva kutafutana), halafu pakiti ya PAP iliyoandikwa "Authenticate-Request". Ifungue, jina na nywila vimo, herufi kwa herufi. Seva yako itaikataa ruta kwa sababu haiijui, na hilo halidhuru kitu.

MikroTik ndogo nayo inaweza kuwa seva ya PPPoE badala ya Linux, kama unayo.

Inaposhindikana huwa ni kwa sababu moja kati ya hizi. Ruta imelazimishwa CHAP tu. Au inaita ndani ya VLAN (mtandao wenye namba yake uliotengwa ndani ya kebo ile ile), na kompyuta yako haisikilizi VLAN hiyo. Utaona PADI kwenye Wireshark zikiwa na namba yake, nawe uitengeneze upande wako. Au kisanduku cha fiba ndicho kinachofanya PPPoE chenyewe, na WAN yake ni uzi wa mwanga usiochomekeka kwenye kompyuta. Kwa hicho cha mwisho rudi kwenye simu ya kampuni.

## Mambo yakishaharibika

Nimeshaifuta. Sasa?

Ndani ya ruta hakuna tena. Hakuna programu itakayoirudisha. Tafuta nje yake. Fungua meseji za mwezi uliofungiwa laini, kampuni nyingi hutuma jina na nywila kwa SMS au barua pepe. Tafuta karatasi ya kufungiwa. Muulize fundi, mara nyingi alipiga picha. Na usisahau ruta ya zamani iliyo zidakani ikila vumbi: kama ilitumika kwenye laini ile ile kabla ya hii, nywila bado imo, nayo unaweza kuifanyia yote niliyoyaeleza kwenye sehemu iliyopita.

Stima ilikatika, iliporudi ruta haikuwaka tena. Nywila imepotea?

Kwa kawaida hapana. Mipangilio hukaa kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme, na kinachoungua mara nyingi ni adapta. Soma adapta yako: 9V au 12V. Tafuta nyingine yenye volti zile zile, ampea sawa au zaidi, na chanya na hasi zikiwa upande ule ule. Usiweke 12V kwenye ruta ya 9V.

Kabla ya kununua, chungulia pia tundu la umeme la ruta. Katika nyumba zilizo karibu na bahari hushika kutu ya kijani. Chomoa kwenye umeme, lisafishe kwa pamba na spiriti, liache likauke. Ruta tatu nilizoletewa zikiitwa maiti ziliamka hivyo, na mipangilio yake yote ndani.

Nimenunua ruta mpya, nimeingiza nywila sahihi, na bado inakataa.

Kwanza zima zote mbili ungoje kama dakika kumi, kwa sababu huenda kampuni bado inaiona ruta ya zamani ikiwa ndani na hairuhusu wawili. Ikikataa tena, huenda wamefunga laini kwa namba ya MAC, yaani namba ya utambulisho wa kifaa; isome kwenye karatasi ya ruta ya zamani uiingize kwenye mpya sehemu ya "MAC Clone". Linganisha pia VLAN. Na kama inaunganika lakini tovuti zingine hazifunguki, weka MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) iwe 1492: PPPoE hula baiti 8 kati ya 1500.

## Ruhusa na usiri

Kufanya haya ni halali?

Kwa ruta yako na laini yako, au ya mtu aliyekuomba kwa kinywa chake, sioni kosa. Kwa ya mtu mwingine bila ruhusa ni kosa la jinai. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao inaweka faini ya hadi shilingi milioni 5, kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili, kwa anayeingia kwenye mfumo bila idhini. Mimi hupenda mwenye nyumba awepo, au aniandikie ujumbe.

Mtunzaji wa nyumba aliondoka na nywila zote, na mwenye nyumba yuko ng'ambo.

Mwenye nyumba ndiye aagize, si mgeni aliyekodi wiki moja. Akishaagiza na ukaitoa ya PPPoE, badilisha ile ya kuingilia ndani ya ruta na ya waifai siku hiyo hiyo. Ya PPPoE hubadilishwa na kampuni, waombe.

Niko Mombasa, ruta iko kwa mama Mkomani. Nimwelekeze kwa simu?

Nywila ya waifai, ndiyo, kijana yeyote wa nyumbani ataisoma. Kwa ya PPPoE afadhali atoe tu nakala ya akiba na kukutumia faili, ulifungue wewe. Akutumie yeye mwenyewe moja kwa moja, lisipitie kwenye kundi la familia, maana nywila zote za nyumba zimo.

Niiandike wapi isipotee tena?

Kwenye karatasi, pamoja na hati za nyumba. Andika jina la mtumiaji, nywila, namba ya VLAN kama ipo, namba ya akaunti na simu ya kampuni. Faili la akiba liweke kwenye flashi. Usiibandike juu ya ruta yenyewe, hasa nyumba ya wageni. Na siku ya kubadilisha nywila ya waifai baada ya wageni wa Maulidi kuondoka, badilisha hiyo peke yake, sehemu ya WAN uiache kama ilivyo.